Anzeni na Teshima

Watu wakiniuliza waanzie wapi kuangalia sanaa kwenye visiwa vya Bahari ya Seto, Japani, wanategemea niseme Naoshima. Kweli, Makumbusho ya Chichu yapo huko: Tadao Ando ameyafukia ardhini, na bado mayungiyungi ya Monet yanaonekana kwa mwanga wa jua tu. Nendeni. Ila mimi nilianza Teshima, na sijutii.

Pale unavua viatu, unaambiwa usipige picha, unaingia chini ya kuba la zege lisilo na nguzo hata moja. Juu kuna matundu mawili makubwa, wazi kabisa; upepo, mvua, wadudu, wote ruksa. Sakafuni vitone vya maji vinachomoza, vinatambaa, vinaungana. Ni kazi ya msanii Rei Naito na msanifu Ryue Nishizawa, ya mwaka 2010. Nilikaa chini, mtu mzima mimi, nikifuata tone moja mpaka likamezwa na kidimbwi.

Nilipotoka, uandishi wa habari ukanirudia. Kisiwa hikihiki kilimwagiwa taka za viwandani kinyume cha sheria; wenyeji wakapambana miaka na miaka hadi gavana alipowaomba radhi mwaka 2000. Zikaondolewa zaidi ya tani 900,000. Zilipelekwa wapi kuteketezwa? Naoshima, kwenye kisiwa kile kile cha Monet.

Makumbusho yako mashariki mwa Teshima, dampo lilikuwa magharibi. Baiskeli za kukodi zipo bandarini.