Zumari Ilikuwa Mgeni

Wako wazee katika pwani ya kusini ya Kenya, tangu Diani na Msambweni hata Majoreni karibu na mpaka wa Tanzania, ambao hawaachi kulalamika ya kuwa vijana wameiharibu ngoma ya Kidigo. Husema ya kuwa kinanda cha umeme kimeingia katika arusi, na gitaa, na nyimbo za Kongo na za Bara Hindi, hata mtu hajui kama yuko kwao au yuko ugenini. Malalamiko hayo yana haki ndani yake. Lakini wakiulizwa ni chombo gani kilicho chao hasa, wengi watataja zumari ya sengenya. Na hapo ndipo maneno yanapogeuka.

Kwa maana zumari yenyewe ilikuwa mgeni. Jina lake limetoka katika Kiarabu, na ndugu zake wametawanyika katika nchi nyingi: Waturuki wana zurna, Wahindi wana shehnai. Ilifika pwani hii kwa biashara ya bahari, kama zilivyofika tende na nguo katika majahazi ya kaskazi. Tena kuipiga si mchezo. Mpigaji hutia kinywani ulimi mdogo wa majani makavu, hujaza pumzi mashavuni mpaka yakatuna, kisha huvuta hewa kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma, ili sauti isikatike hata kidogo. Mtazamaji asiyejua hudhani ya kuwa mtu yule hapumui. Ajifunzaye kazi hiyo huona taabu siku nyingi, na majirani zake huiona pamoja naye, kabla hajathubutu kusimama mbele ya watu.

Lakini na itazamwe Wadigo waliifanya nini. Hawakuipiga kama ipigwavyo Uturuki wala Bara Hindi. Waliiweka kati ya ngoma zao wenyewe, chapuo, vumi na msondo, wakaipa kazi ya kuimba nyimbo zao. Nayo chivoti, ile filimbi ya mwanzi ishikwayo kwa ubavu, haikutupwa kwa sababu zumari ina sauti kubwa kuliko yake. Mgeni alipewa mkeka, akafundishwa desturi za nyumba, na leo hakuna amwitaye mgeni.

Jambo kama hili limetendeka mara nyingi pwani. Katika miaka ya 1890 watu wa Lamu na Mombasa walizitazama bendi za Wazungu na gwaride la askari, wakajifanyia ngoma yao iitwayo beni, yenye vyeo na mavazi ya kijeshi. Na vita vya 1914 mpaka 1918 vikaieneza mbali bara pamoja na askari na wapagazi. Tarumbeta zilikuwa za Ulaya. Mashindano ya mtaa na mtaa, na nyimbo za kupigana vijembe, yalikuwa ya pwani tangu kale.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni wa Unguja. Taarab iliimbwa kwanza katika jumba la Sultani, kwa Kiarabu, na wasikilizaji walikuwa wachache. Ndipo akatokea Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka wa 1880, mwanamke wa shamba aliyekuwa akiuza vyungu. Udi na fidla hakuvibadili. Alilobadili ni lugha: aliimba kwa Kiswahili, tena juu ya mambo yaliyowapata watu wa kawaida, na mwaka wa 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu, akakiandika. Tangu hapo taarab ikawa mali ya kila mwenye masikio, kutoka Unguja hata Lamu, na hapana mtu awezaye kusema kwa haki ya kuwa ni ya Misri.

Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 2014, ni shauri gumu zaidi. Yeye alichukua sauti za nyimbo za filamu za Kihindi, mara nyingine bila kuzigeuza sana, akaziimbia mashairi ya Kiswahili. Wako waliomlaumu, nao hawakukosa sababu, maana sauti iliyokopwa nzima haina jasho la mkopaji. Hata hivyo mashairi yale, ambayo mengi yalitungwa na nduguye Ahmad Nassir, yalikuwa na vina na mizani na maana iliyofichwa kama ipasavyo. Msikilizaji wa Kimvita alikuwa akingoja neno, na neno alilipata. Mwenzake Zein l'Abdin wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 2016, alishika njia nyingine: alikaa na udi wake na mashairi ya wazee, akakopa kwa mkono wa uangalifu. Katika taarab ya Mombasa kimepigwa hata kinanda cha Kijapani kiitwacho taishokoto, ambacho vibonyezo vyake hufanana na vya taipureta, na masikio ya watu yakakizoea.

Dar es Salaam mambo yalikwenda kinyume. Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka wa 1978, ilikuwa na magitaa na tarumbeta kama bendi yoyote ya dansi. Lakini mtindo wake uliitwa Sikinde, kwa jina la ngoma ya Wazaramo. Huko gitaa lilikwenda kubisha hodi kwa ngoma.

Basi kukopa si kosa. Hatari iko mahali pengine, nayo ni ya fedha kuliko ya adabu za vijana. Mwenye arusi akitaka sengenya, hana budi kuwaleta wapigaji wa ngoma kadhaa, mpiga zumari na wachezaji. Wote watakula, wote watalipwa, na pengine watahitaji gari la kuwarudisha kwao usiku. Akitaka kinanda cha umeme, humwita mtu mmoja na spika zake. Ndani ya kinanda hicho mna ngoma zilizokwisha kupigwa na mafundi wa nchi za mbali, zikawekwa tayari. Mpigaji hubonyeza mahali, zikalia mpaka asubuhi bila kuchoka wala kudai chai. Baba wa bibi arusi hafanyi dhambi kwa kuhesabu shilingi zake. Lakini katika hesabu hiyo msondo hauna kazi, na kijana aliye karibu na kinanda hajifunzi mwendo wowote wa Kidigo ambao angeweza kuuchanganya na mwingine.

Siti alikuwa na Kiswahili chake alipoushika wimbo wa Kiarabu. Wadigo walikuwa na ngoma zao zumari ilipoteremka jahazini. Zumari yenyewe haifundishwi kwa kitabu. Hufundishwa kwa kukaa karibu na fundi, jioni, kazi za shamba na za bahari zikiisha, na fundi asiyeitwa arusini hana sababu ya kuchonga zumari ya pili kwa ajili ya mwanafunzi.