Kirewa: Gari la Mbio Katika Njia ya Vumbi

Aendaye Kirewa huuacha nyuma Mwamba wa Tororo na kuingia nchi ya Wapadhola, penye mashamba ya muhogo na ulezi. Mpaka wa Kenya hauko mbali. Ndiyo maana hata huku husikika mngurumo wa Subaru Impreza, jamii ya gari ambalo Colin McRae alishinda nalo mashindano ya Safari mwaka 1997.

Ndugu askari mwenye kiinua mgongo mfukoni, usivutwe na mngurumo huo. Mfikie muuzaji asubuhi, bila taarifa, ushike boneti. Ikiwa na moto, yamkini kuna jambo limefichwa. Injini iwashwe ingali baridi, nawe utazame moshi: wa buluu ni oili inayoungua, pengine turbo imechoka, mweupe usiokoma ni maji yanayopenya ndani ya silinda, na baadhi ya injini za Subaru zajulikana kwa ugonjwa huo wa gasketi. Fungua chujio la hewa pia. Vumbi la njia hizi ni laini kama unga, nalo halina huruma kwa turbo.

Kubwa zaidi ni namba ya chesisi. Ilinganishe na kadi ya gari, kisha udai stakabadhi za ushuru. Gari la namba za Kenya huingia Uganda kwa kibali cha muda tu. Aliyelinunua Busia bila ushuru kulipwa aweza kunyang'anywa njiani, na nyumbani mkewe na watoto wakabaki na funguo.