Nafasi ya Kwanza

Kila mmoja wenu amewahi kumwona mchuuzi sokoni akiinua noti ya dola kwenye mwanga, akipapasa kingo zake, kisha akiirudisha kwa mwenyewe kwa sababu ya mpasuko mdogo kuliko punje ya mchele. Mimi nalikumbuka jambo hilo kila ninapomfikiria mdogo wangu, anayeishi Marekani tangu miaka mingi. Yeye naye aliingia katika shughuli ya kukagua fedha, tena kwa lenzi. Lakini fedha zake hazikukusudiwa kununua kitu chochote.

Ninyi mmekua bila kuzoea sarafu, ingawa sisi wa umri wangu tulinunua karanga kwa makuta. Sarafu anazokusanya mdogo wangu huitwa pruufu. Vipande vya madini hung'arishwa kwanza, na vyuma vya mhuri navyo hung'arishwa. Kisha kila kipande hupigwa mhuri angalau mara mbili, ili kila mstari wa picha utokee. Uso wa sarafu huwa kama kioo, na picha iliyo juu yake huwa nyeupe kama ukungu wa asubuhi. Tangu mwaka 1968 seti hizi hutengenezwa hasa San Francisco, nazo huuzwa ndani ya kasha kwa watu wa kuzihifadhi.

Mdogo wangu alianza kwa nia njema. Alinunua seti ya mwaka 1975, mwaka aliozaliwa: sarafu 6, kuanzia senti 1 hadi dola 1. Serikali ilikuwa imeiuza kwa dola 7, na mwaka ule ziliuzwa seti zaidi ya 2,800,000. Baadaye akasikia kwamba katika seti chache za mwaka huo sarafu ya senti 10 ilitoka bila herufi S, alama ya San Francisco. Zinazojulikana ni 2 tu, na moja iliuzwa mwaka 2019 kwa dola 456,000. Tangu siku hiyo hakuweza kupita mbele ya kasha kuukuu bila kuinama.

Pia kuna makampuni yanayopima ubora wa sarafu na kuipa kila moja alama, 1 hadi 70. Kipimo hicho kilibuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za zamani. Sarafu ya 70 ni ile isiyoonyesha dosari hata ikikuzwa mara 5. Ikishapimwa hufungwa ndani ya plastiki ngumu, nayo huandikwa katika daftari la wakusanyaji, ambamo seti za watu hupangwa kwa alama, ya kwanza hadi ya mwisho. Yeyote duniani aweza kulisoma daftari hilo. Mwenzako akipata sarafu moja bora kuliko yako, waamka asubuhi umeshuka.

Mdogo wangu alikuwa wa tisa, akawa wa nne, akawa wa pili. Alivunja plastiki na kuzipeleka sarafu zilezile kupimwa upya, akitumaini kwamba 69 itageuka 70. Alinieleza kuwa wengi hufanya hivyo. Tofauti hiyo ya alama moja huweza kuzidisha bei mara nyingi. Alinitumia picha za sarafu mbili, moja ya 69 na nyingine ya 70. Nilizitazama hadi macho yakaniuma, nisione tofauti. Mwaka huo nilikuwa nimemwomba mchango wa mabati ya nyumba ya mama. Alijibu: «Yaya, ningoje kidogo.»

Usiku mmoja alinipigia simu akisema amekuwa wa kwanza. Nilimwuliza kama watoto wake wamefurahi. Akajibu kwamba hajawaambia, kwa kuwa wangetaka kuzigusa. Baada ya majuma sita akapiga tena: mtu asiyemfahamu alikuwa amempita. Sauti yake haikuwa ya hasira, ila ya mtu aliyechoka sana.

Nilitaka kumhubiria, maana nimezoea kufundisha. Lakini kabla sijafungua kinywa nilikumbuka shule ya ualimu. Tulikuwa wawili tuliopokezana nafasi ya kwanza, rafiki yangu nami, tukisoma usiku kwa taa moja. Mwaka wa mwisho, siku mbili kabla ya mtihani, niliazima daftari lake la mafundisho ya kazi. Aliponiuliza habari zake nilisema limepotea. Nalo lilikuwa chini ya godoro langu. Matokeo yalipotangazwa nilikuwa wa kwanza kwa asilimia moja na nusu. Baba yangu alisimama akapiga makofi. Rafiki yangu alikuja kunipongeza kwa mikono miwili, wala hakutaja daftari. Baada ya hapo hatukusoma tena kwa taa moja.

Ilinichukua miaka 31 kwenda kumwomba msamaha. Alicheka kidogo, akasema: «Nililiona chini ya godoro lako, lakini niliona haya kulichukua, kana kwamba mwizi ni mimi.»

Kisa hicho ndicho nilichomsimulia mdogo wangu badala ya mahubiri. Mabati ya mama yalifika mwezi uliofuata, yakiwa yamechelewa mvua moja. Sarafu hakuziuza, ila aliiondoa seti yake katika daftari la mashindano, na ile ya 1975 huwaonyesha watoto siku za Jumapili. Mara mojamoja huniambia kwamba angali anatamani kurudi. Namwamini, hata mimi nakumbuka yale makofi.

Katika Injili ya Luka yuko mwanamke mwenye sarafu kumi aliyepotewa na moja. Aliwasha taa, akafagia, akatafuta kwa bidii kama mkusanyaji yeyote. Alipoipata aliwaita jirani zake wafurahi pamoja naye. Hatusikii kwamba aliwauliza wao wana ngapi.

Bidii si kosa, vijana wangu, wala kuwa wa kwanza si dhambi. Shindaneni katika masomo, katika kwaya, katika mpira. Lakini kila mmoja ajiulize ni nani atakayefurahi pamoja naye siku jina lake litakaposomwa. Na kama kuna daftari la mwenzako chini ya godoro lako, lirudishe leo, kabla ya mtihani.