Lebo ya Jiwe

Mteja wangu wa tatu mwezi huo alikuwa muuza mawe wa ng'ambo. Si mawe ya kujengea. Ni yale ya kuwekwa kabatini yaangaliwe. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa, nilipaswa kumwandikia maelezo ya vipande arobaini vya kasiteriti, jiwe ambalo ndani yake hutolewa bati. Bati lenyewe, si mabati ya nyumba. Hayo ni chuma kilichopakwa zinki; jina tu ndilo linatuchanganya.

Nilisoma usiku kucha kwa bando ya kuungaunga. Kasiteriti safi ni karibu asilimia 79 bati. Ni nzito ajabu, takriban mara saba ya maji, ndiyo maana mto huiacha chini na kokoto, na watu huiosha kwa karai. Lakini wakusanyaji hawataki kokoto. Wanataka fuwele nyeusi zinazong'aa kama kiatu cha askari: za Viloco, Bolivia, ambazo huota pacha, mbili zikikutana kama kiwiko kilichokunjwa, za mlima Xuebaoding kule Sichuan, zimekaa juu ya mika, au za Cornwall, Uingereza, ambako mgodi wa South Crofty ulifungwa 1998, kwa hivyo unasubiri mzee fulani auze kabati lake.

Na wanataka lebo. Jiwe lisilojulikana lilikotoka hushuka bei hata liwe zuri vipi. Mtu asiye na cheti haelezwi hilo mara mbili.

Kwenye picha mbili niliona kikaratasi kimebandikwa chini ya jiwe: Walikale. Kinyozi wangu ni wa Goma, nikamwonyesha.

"Ndugu, hii njo kasiterite! Kwetu wanaibeba na mugongo."

Kaka yake aliibeba kutoka Bisie, enzi za vita na makundi yenye bunduki yaliyotoza kodi kila gunia. Kilo 50 begani, msituni kwa miguu, hadi Kilambo, ambako ndege zilitua juu ya barabara ya lami kuchukua mzigo. Kaka huyo sasa hawezi kuinua ndoo ya maji. Kinyozi alisimulia hayo akiendelea kuninyoa, mashine haikutulia hata kidogo.

Nikaandika: Walikale, Kivu Kaskazini, Kongo. Mteja akajibu ati niweke "Afrika ya Kati" tu, Kongo inawatisha wanunuzi. Ujumbe huo niliusoma kwenye simu ambayo vijisehemu vyake vimeshikwa kwa lehemu, na lehemu ni bati. Nikamwambia lebo ni lebo. Cornwall hatukuiita "Ulaya ya Magharibi".

Alilipa vipande 38. Kodi nikamalizia tarehe 9, landilodi akiwa ameshaninunia. Maelezo ya vile viwili bado ninayo, na jina la mahali liko pale pale.