Mkono Usio Wangu



Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwalimu kijana wa darasa la sita. Msichana mmoja alimaliza mwaka kwa alama nzuri, lakini wazazi wake hawakuwa wamelipa minervali yote, na buletini yake ikabaki bila sahihi ya mkurugenzi. Juma lile shule ya sekondari ilikuwa ikiandikisha wanafunzi. Nilimhurumia. Sahihi ya mkurugenzi niliiona kila siku, na muhuri ulikuwa katika mtoto wa meza. Jioni, wenzangu walipokwisha kwenda, niliandika jina lisilo langu. Kesho yake nilimpa mtoto karatasi ile, naye akaelewa.

Prefe wa sekondari aliujua mkono wa mkurugenzi wetu. Alimwuliza mtoto: «Nani aliandika hapa?» Mtoto alinyamaza; hakunitaja. Akarudishwa nyumbani, na nafasi yake ikapewa mwingine.

Niliposikia, nilimwendea mkurugenzi, nikamweleza yote. Alinitazama kwa muda, akasema: «Hukuja kuniomba.» Kisha akaitia buletini sahihi yake mwenyewe. Lakini nafasi zilikuwa zimejaa, na binti yule alipoteza mwaka mzima.

Baadaye nilisoma sheria ya adhabu ya nchi yetu. Kifungu cha 124 kinasema kwamba anayeghushi maandishi kwa nia ya kudanganya au ya kudhuru aweza kufungwa tangu miezi 6 hadi miaka 5, kutozwa faini, au yote mawili. Mtumishi wa serikali akifanya hivyo kazini, kifungu cha 125 chaweza kuufikisha muda huo miaka 10. Lakini kilichonitetemesha ni kifungu cha 126: anayeitumia karatasi ya uongo kwa nia hiyohiyo huadhibiwa kama yule aliyeiandika. Basi huruma yangu haikumwokoa mtoto. Ilimtia katika hatari yangu. Mimi niliandika gizani, yeye akaipeleka mchana.

Mtume Paulo aliwaonya Wathesalonike wasifadhaishwe na barua inayodaiwa kuwa imetoka kwake. Mwishoni mwa waraka wa pili (3:17) akawapa alama: salamu aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Sahihi ni neno la mtu asipokuwapo. Anayeiiga humsemesha mwenzake asichokisema, na hiyo ndiyo ushuhuda wa uongo unaokatazwa na amri ya nane.

Vijana, siku moja mtaombwa msaada: cheti cha kuzaliwa, diploma, barua ya komine. Atakayewaomba atakuwa ndugu, na shida yake itakuwa ya kweli. Msimfukuze. Mwongozeni hadi mlangoni kwa mwenye sahihi, mkaombe pamoja naye, hata kama mtarudi mara tatu. Mimi sikuthubutu kubisha mlango uliokuwa hatua ishirini tu kutoka darasani mwangu, na mtoto wa watu ndiye aliyelipa.