Nsansa, Katambuga na Dagaa wa Mama

Mwaka wa kwanza, muhula wa pili, nilitangaza hosteli nzima kwamba nimeacha nyama, samaki, mayai na maziwa. Sikutangaza kwa upole. Wenzangu wakiagiza chipsi mayai, mimi napiga hotuba: mazingira, wanyama, kizazi kijacho. Video mbili tatu kwenye simu zilikuwa zimenigusa kweli, sikuwa naigiza. Ila tusidanganyane, kuonekana tofauti nako kulikuwa kunanifurahisha.

Bumu lilipotoka nikaingia supamaketi. Maziwa ya lozi kutoka ng'ambo, nyama ya soya kwenye pakiti inayong'aa. Wiki ya tatu mfuko umekauka, nashindia chipsi kavu. Sandozi zangu za ngozi nikazigawa, nikanunua viatu vya "ngozi bandia". Havikumaliza miezi mitatu, vikaanza kubanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Likizo ilipofika nikavipeleka kwa fundi viatu pale Pasiansi. Akavikunja, akacheka.

"Dada, hii ni plastiki imevalishwa shati. Ikishachanika hivi haishoneki."

Nikakosa la kusema. Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya rambo imepigwa marufuku nchi nzima, na mimi mpenda mazingira nilikuwa nimeivaa mguuni.

Nyumbani ndiko kulikuwa na mtihani wenyewe. Mama ni mchuuzi wa dagaa Mwaloni, Kirumba. Ananunua magunia yakishushwa kutoka visiwani, anawauzia wanaosafirisha mikoani. Jioni ile aliniandalia ugali na dagaa wa nyanya, kama kawaida ninaporudi.

"Mama, siku hizi sili samaki."

Hakugomba. Alivuta bakuli upande wake taratibu. "Sawa, mwanangu. Na ada yako, unajua inanuka nini?"

Usiku ule sikulala vizuri. Hotuba zangu zote za hosteli hazikuwa na jibu la swali hilo.

Kesho yake, bila maneno, aliweka mezani nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, ameyaunga karanga, na ugali wa udaga. Asubuhi iliyofuata, matobolwa na chai ya rangi. "Hivi havina damu," akasema. "Bibi yako alikula hivi wiki nzima, nyama ilikuwa ya sikukuu. Na hakuna aliyempa jina."

Nilikuwa nimemaliza bumu kutafuta ng'ambo kitu ambacho bibi alikuwa anakianika juani uani kwake.

Siku chache baadaye nikamfuata Mwaloni alfajiri. Pale ndipo nilipoona kwamba hesabu ya sahani ni ndefu kuliko nilivyodhani. Sangara, ambaye leo tunamwita samaki wetu, aliletwa ziwani miaka ya 1950, akala furu mpaka aina nyingi zikapotea. Minofu yake inapanda ndege kwenda nje, huku tunakaanga mapanki. Dagaa wanaoharibika wanasagwa kuwa chakula cha kuku, kwa hiyo mwenzangu anayesema "mimi dagaa siwezi, nipe mayai" huenda anamla dagaa huyohuyo kwa kupitia kwa kuku. Na nyuma ya kila gunia kuna mama kama wangu, mwenye mtoto shuleni.

Saa nne mvua ikatukuta. Mzigo ukalowa. Jua lilipotoka nikapiga magoti, tukawatandaza upya, tukawageuza mmoja baada ya mwingine mpaka mgongo ukauma. Mama hakusema kitu. Alinipa tu kipande chake cha kanga nijifunge kichwani.

Sijarudi kula samaki. Ninachokiamini bado nakiamini. Ila hotuba nimeacha, na pesa zangu zimebadili njia. Maharage, karanga, mchicha na viazi nanunua sokoni kwa kikapu, na bumu linafika mwisho wa mwezi. Nguo nachagua mitumba Mlango Mmoja, kwanza naigeuza ndani nje nione mshono, kwa sababu nguo inayochanika baada ya kufuliwa mara mbili ni takataka niliyoilipia. Mguuni navaa katambuga: tairi lililokwisha kazi yake barabarani, hakuna mnyama aliyechunwa, na likikatika fundi wa Pasiansi anapigilia msumari tunaendelea.

Ukitaka kuanza, mwanachuo mwenzangu, usianzie supamaketi. Mpigie simu bibi, muulize walikuwa wanakula nini nyama isipokuwepo. Halafu kabla hujamhubiria mtu, jiulize sahani yako imelipiwa na nani.

Mimi dagaa siwali. Lakini likizo ikifika, nawaanika.