Siku Moja na Nahodha wa Shimoni

Mhariri ameniomba niandike habari za likizo, nami nimeona afadhali niandike juu ya jambo moja tu, nalo ni kuvua samaki wa maji ya chumvi pamoja na nahodha wa kukodi. Sababu yangu ni hii. Wengi wetu tuliosoma shule hii tulizaliwa karibu na ziwa au mto. Tunamjua mputa, tunamjua ngege, na wako vijana humu madarasani ambao wameshika ndoana kabla ya kushika kalamu. Mtu wa namna hiyo akifika pwani hudhani kuwa bahari ni ziwa kubwa lililotiwa chumvi. Sivyo hata kidogo.

Tulikuwa watu wanne, sote wanafunzi wa zamani, tukasafiri kwa basi toka Kampala mpaka Mombasa katika likizo ya mwisho wa mwaka. Tukavuka feri ya Likoni, tukashika matatu za kusini mpaka Shimoni, kijiji kilicho karibu na mpaka wa Tanzania. Jina lake latokana na pango kubwa lililomo ndani ya mawe ya matumbawe pale pale kijijini. Mbele yake kuna kisiwa cha Wasini, na kati ya kisiwa na bara pana mkondo wa bahari uliokingwa vizuri, ambao pomboo hupenda kupita. Ng'ambo ya Wasini kuna visiwa vidogo vya Mpunguti na Kisite, na zaidi ya hapo ni kilindi cha mkondo wa Pemba, ambako mashua kubwa za matajiri huwafuata sulisuli na nduwaro. Habari za huko sina. Sisi tulivua ndani, karibu na bara, kwa mshipi wa mkono.

Nitaje jambo moja kwa ajili ya wale wapendao vitabu. Mwezi wa Januari 1954, mwandishi Ernest Hemingway wa Marekani alianguka na ndege karibu na maporomoko ya Murchison, hapa hapa Uganda. Ndege ya pili iliyokuja kumchukua ikashika moto huko Butiaba, naye akaumia vibaya. Baada ya ajali hizo mbili alikwenda kupiga kambi ya uvuvi, na mahali penyewe ni Shimoni. Mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel. Basi njia ya kutoka kwetu kwenda kuvua Shimoni si sisi tuliofungua.

Sasa nirudi kwenye safari. Nahodha wetu alikuwa mzee wa makamo, mvuvi na mtoto wa mvuvi. Tulimpigia simu wiki mbili kabla, tukamtajia tarehe tutakayofika. Akauliza, "Huo utakuwa mwezi ngapi?" Rafiki yetu aliyeshika simu, ambaye zamani alikuwa mweka hazina wa bweni letu, akajibu kwa sauti ya kujiamini, "Januari, mzee." Tulisikia kicheko chake bila ya kuweka sikio kwenye simu. Alikuwa akiuliza umri wa mwezi wa angani.

Msomaji ajue kwamba hapo ndipo mambo yote yanapoanzia. Ziwa letu halijai wala halipwi kwa kadiri ya kuonekana, lakini bahari ya pwani ile hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu huja bamvua, maji yakapanda na kushuka zaidi ya mita 3, nayo huenda mbio kama mto. Wakati huo risasi haifiki chini, mshipi unachukuliwa na maji, na mgeni hushinda akivua mwani. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na mkondo hupungua nguvu. Nahodha alituwekea mwezi nane. Alituambia tutaondoka saa 12 asubuhi, maji yakiwa yanajaa, na kwamba yatasimama karibu na saa 4. Kitabu cha saa za maji sikukiona mkononi mwake, na maji yalisimama karibu na saa 4.

Jambo la pili ni mapatano. Msiingie chomboni kabla ya kuyasema wazi: ni saa ngapi mtakaa baharini, nani analipa petroli, nani analeta chambo, na samaki ni wa nani. Sisi tulipatana mpaka saa 7 mchana. Samaki wa kutosha mlo wetu ni wetu, waliobaki ni wa nahodha na baharia wake. Ulizeni pia kama yako majaketi ya kujiokolea, na myavae. Nimesikia vijana wakisema kwamba wao ni waogeleaji hodari. Basi na wavae hodari wetu.

Mavazi ni shati la mikono mirefu na kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni, kwa maana jua hupiga toka juu na toka majini. Kunyweni chai na kuleni kidogo, msende na tumbo tupu. Mmoja wetu alilewa bahari kabla hatujatia nanga, akawa kijani kama jani la mgomba. Nahodha alimhamisha mbali na harufu ya mashine, akamwambia atazame miti ya bara wala asitazame sakafu ya mashua. Baada ya nusu saa alirudi kuwa mtu.

Tulipofika mahali pa kuvua sikuona tofauti yoyote. Maji ni maji. Lakini nahodha alikuwa akitazama nyuma na pembeni, mara mbuyu mmoja ulio bara, mara pembe ya kisiwa, akimwashiria baharia sogeza, rudi, sogeza tena. Mbuyu ulipokaa sawa na paa fulani la bati, na pembe ya kisiwa ilipokutana na mti mwingine, akasema, "Tia nanga." Wanafunzi wa hesabu watafahamu: mistari miwili iliyonyooka hukutana mahali pamoja tu. Chini yetu, pima 9 kwenda chini, yaani kama mita 16, palikuwa na jiwe, na juu ya jiwe hilo walikuwapo changu. Tukisogea kiasi cha urefu wa mashua mbili, ni mchanga mtupu.

Kuvua kwenyewe ni hivi. Mshipi wa nailoni umezungushwa kwenye kipande cha ubao. Mwishoni pana chubwi ya risasi, na juu yake kidogo ndoana mbili. Chambo kilikuwa ngisi aliyekatwa vipande vyembamba, kwa kuwa nyama yake ni ngumu na samaki wadogo hawaimalizi upesi. Unateremsha mpaka uisikie risasi inagusa mwamba, kisha unaipandisha kiasi cha mkono mmoja, maana ukiiacha pale chini itanasa. Mshipi hupita juu ya kidole cha shahada, na kidole hicho ndicho jicho lako. Baharia alitupa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli tuvivae vidoleni, visije vikakatwa na uzi. Tasi hudonoa kama kuku. Changu hugonga mara mbili halafu huvuta. Kolekole habishi hodi, hupita na chambo mbio, na hapo ndipo utakapoushukuru mpira wa baiskeli.

Si kila kinachopanda ni cha kushikwa. Tasi ni mtamu sana mezani, ila miiba yake ya mgongoni na ya tumboni ina sumu, na mtu akichomwa hupata maumivu makali. Dawa ya kwanza ni kuutia mkono katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua. Kwa hiyo ndoana za tasi aliziondoa baharia mwenyewe. Alipanda pia bunju, akajivimbisha kama mpira, tukacheka sana. Nahodha hakucheka. Alikata uzi akamrudisha, akatuambia kwamba ini na mayai ya samaki huyo huua watu. Ni kweli, na hata hospitali haina dawa ya kuiondoa sumu ile. Chewa mmoja mdogo aliyepatikana baadaye alirudishwa pia, kwa sababu nyingine: hakuwa amekua.

Rafiki yetu mweka hazina alitaka twende Kisite, akiwa amesikia kwamba huko samaki ni wengi kama nzige. Ni wengi kwa sababu hawavuliwi. Kisite ni hifadhi ya bahari tangu miaka ya 1970, iko chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya, na kuvua humo ni marufuku. Kando yake, Mpunguti, wavuvi huruhusiwa kuvua kwa njia za asili kama mshipi na dema. Nahodha aliyaeleza hayo polepole, kama mwalimu aliyezoea kuulizwa swali lile lile kila muhula.

Maji yaliposimama samaki walinyamaza kabisa. Tulikula muhogo wa kuchemsha, tukasikia hadithi za baharia. Ilipokaribia saa 5 maji yakaanza kutoka, na ghafula kila mshipi ukawa na uhai. Nilipata changu wawili kwa pamoja, mmoja kwa kila ndoana. Mweka hazina akampata kolekole wa kilo kadhaa, akawa anapiga kelele zilizosikika Wasini. Wakati huo huo nahodha alisimama, akageuza uso kaskazini, akakaa hivyo kitambo. Sisi hatukuona kitu ila mstari wa maji meusi kidogo kule mbali.

"Ng'oa nanga," akasema.

"Nahodha," akasema mweka hazina, "tulipatana mpaka saa saba."

"Ndiyo, bwana, tulipatana. Vuta mshipi wako."

"Lakini samaki ndio kwanza wanakula!"

"Nawaona. Vuta mshipi wako, mwanangu."

Alitueleza tukiwa njiani. Katika miezi ya kaskazi asubuhi huwa shwari, lakini jua likipanda upepo huongezeka. Siku ile maji yalikuwa yakitoka kwenda upande unakotokea upepo, na mambo hayo mawili yakikutana katika mkondo mwembamba hujenga mawimbi mafupi yaliyosimama wima, ambayo mashua ndogo iliyojaa watu haiyapendi. Hatujafika gatini, maji nyuma yetu yalikuwa yameota meno meupe, na baharia alikuwa ameshika upo akifua maji ya ngama. Tulilowa, lakini hatukuogopa. Nusu saa baadaye nadhani tungeogopa.

Gatini ndipo ugomvi ulipozuka. Mweka hazina alisema kwamba mapatano yalikuwa ya saa saba, tumerudi kabla ya saa sita, basi pesa zikatwe. Alisema kwa adabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Mwenzetu mmoja alimwunga mkono. Nahodha hakubishana nao. Alikaa juu ya ukingo wa mashua akiwapanga samaki kwa aina zao, kana kwamba maneno yale yalikuwa ya watu wengine.

Mimi nilikuwa upande wa kulipa zote, na ningali huko. Tungekuwa tumelipia samaki, sokoni wako wengi na kwa bei rahisi. Tulilipia yale macho yaliyoona mstari mweusi. Taabu ni kwamba nahodha akifanya kazi hiyo vizuri hana ushahidi wa kuuonyesha. Hakuna mashua iliyozama siku ile, upepo ulivuma tu, nasi tulikuwa nchi kavu tukiupinga. Laiti angetuacha mpaka saa saba tukalia na kuomba dua, ndipo akatuokoa, nina hakika mweka hazina angemwongezea bakshishi. Tena nahodha anayejua kuwa atakatwa pesa kwa kurudi mapema, siku nyingine atajishauri mara mbili, na abiria wa siku hiyo huenda wakawa ni wadogo zetu.

Tuliongea hivyo karibu robo saa. Mwisho tulilipa zote, watu watatu kwa hiari na mmoja kwa kuona haya. Nahodha akapokea, akasema "Ahsanteni, wanangu," akatugawia fungu letu: changu 6, tasi 3 waliokwisha kukatwa miiba, na yule kolekole. Waliobaki baharia aliwatia kapuni, akaondoka nao kwenda kuwahi wachuuzi.

Mweka hazina hajakubali mpaka leo. Husema mapatano ni mapatano, na kwamba siku nyingine ataandika kwenye karatasi. Usiku ule upepo ulitikisa makuti ya nyumba tuliyolala, na jikoni kolekole alichomwa juu ya makaa, akamwagiwa tui na ndimu. Mweka hazina alimla mpaka mashavu ya kichwa, huku akituhesabia kwa vidole wale ambao angewavua kati ya saa tano na saa saba.